Ujumbe Niliompa Mtu wa Maziwa

Alhamisi ya pili ya mwezi wa saba, mwaka wa 1995. Baridi. Mawingu yamelala chini tangu alfajiri na manyunyu hayakati, yale yanayolowesha bega la koti kabla mtu hajajua kwamba mvua imeanza.

Hayo ndiyo niliyoandika kwenye daftari langu siku hiyo, na chini yake hakuna kitu. Nilikuwa na tabia ya kuandika hali ya hewa asubuhi, kisha mambo ya siku nayaandika jioni. Jioni hiyo sikuandika. Mtu anaweza kuniuliza, mke wako amefariki alfajiri, na wewe unaandika mawingu? Mimi pia najiuliza. Nadhani mkono ulifanya tu kazi uliyoizoea. Mengine yote nayatoa kichwani, na mimi niliacha shule nikiwa darasa la sita, kwa hivyo mpangilio unaweza kunipotea. Nitajaribu nisimwonee mtu. Mahali nisipokuwa na hakika, nitasema sina hakika.

Nilikuwa fundi wa nguo hapo Thika. Cherehani yangu ilikaa kwenye baraza ya duka la vitambaa, na kando yangu alikaa mzee wa kutengeneza saa, na meza yake ndogo iliyofunikwa kioo. Mzee huyo alinunua gazeti kila asubuhi na kulisoma kwa sauti, tupende tusipende. Lakini gazeti lilikuwa la wakubwa. Nani amekatakata shamba lake kule Murera kuwa ploti, bomba gani limepasuka Ruiru na watu sasa wanachota maji wapi, lori gani limelala mtaroni Witeithie na nani ameonekana akikimbia na kabichi zake, hayo gazeti halikuwa nayo. Hayo yaliletwa na mtu wa maziwa.

Alitoka Kalimoni kila siku kabla ya jua, kwa baiskeli nyeusi yenye mitungi miwili ya maziwa nyuma. Akishamaliza wateja wake alikuja barazani kunywa chai, na hapo ndipo taarifa ya habari ilipoanza.

"Leo Murera kuna nini?" mzee wa saa angeuliza bila kuinua macho.

"Kuna saveya."

"Tena?"

"Tena, mzee. Huyo anapima mpaka choo. Kuna guka mmoja, babu wa huko, amemwambia, pima polepole kijana, mama yuko ndani."

Tungecheka, kisha mzee angemrudi: "Habari zako bwana zina maji kama maziwa yako."

"Ni mvua, mzee. Mimi nitazuia Mungu aje?"

Huyo ndiye pia alikuwa posta kati ya nyumba yangu na Kalimoni. Mke wangu alizaliwa huko, binti wa wakulima, watu wa kanisa. Mimi ni wa hawa Waislamu wa mjini ambao baba wa babu alitoka upande wa Tabora akibeba mizigo, bibi Mkamba, na mama mchanganyiko wake tena. Watu wakituuliza kabila tunasema Mwislamu, nao wanaridhika. Mke wangu alisilimu tulipooana. Mama yake alikaa karibu mwaka mzima bila kuja kwetu, na simlaumu. Mjukuu wa kwanza alipozaliwa, alikuja na mkungu wa ndizi, akaketi, na tangu siku hiyo hakuwahi kunikosea heshima hata mara moja. Mimi nilimwita mama. Sikuketi karibu naye, na mbele yake sikusema neno zito, kwa sababu kwao mkwe hafanyi hivyo, na hata kwetu si uzuri.

Mke wangu alianza kuugua kifua mwezi wa pili mwaka huo. Hospitali tuliingia na kutoka. Nyumba ya mama haikuwa na simu. Simu ya karibu ilikuwa ofisi ya chifu, na hiyo mara nyingi ilikuwa imekufa. Kwa hivyo kila wiki nilimpa mtu wa maziwa ujumbe. Mwambie mama amekula vizuri. Mwambie homa imeshuka. Mwezi wa nne nilimwambia, "Mwambie mama hali ni mbaya, waje." Siku hiyo hiyo mama alifika mbio na wanawake watatu wa kanisa, bila hata kubadilisha viatu vya shambani. Wakamkuta mgonjwa ameketi kitandani anamenya viazi. Walicheka mpaka machozi. Mama akasema, "Ngai! Na mimi niliacha ng'ombe nusu kukamuliwa!" Mwezi wa tano ikawa hivyo tena. Nikasema hali mbaya, wakaja, wakamkuta anabishana na binti yetu kuhusu kusuka nywele.

Siku hiyo ya mwezi wa tano, wakati wa kuondoka, mama alisimama mlangoni na kunisemesha akitazama pembeni, jinsi mtu anavyosemesha mkwe.

"Mimi najua dini yenu inazika haraka," akasema. "Siyo vibaya. Kila mtu na yake. Lakini ikifika, unisubiri nione uso ya mtoto wangu. Hiyo tu. Mengine yote mfanye vile mnafanya."

"Tutakusubiri, mama," nikasema.

Hakuna mtu mwingine aliyesikia. Wenzake wa kanisa walikuwa wameshafika barabarani.

Sasa Alhamisi hiyo. Alifariki wakati wa adhana ya alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa binti yetu mkubwa, ambaye alikuwa na miaka kumi na minne. Mimi nilikuwa nje nachochea jiko la makaa. Kulipokucha majirani walikuwa wameshajaa. Akina mama wakachukua chumba, sisi wanaume tukatolewa uani, na sheikh wa msikiti wetu akaja akiwa amejifunika shuka kichwani kwa ajili ya manyunyu. Akanipa pole, akaketi nami kwenye benchi, akasema, "Ndugu yangu, tukiweza ni baada ya adhuhuri. Wewe unaonaje?"

Nikasema kuna mama yake, Kalimoni.

"Basi apelekewe habari sasa hivi. Tutaangalia."

Naandika hivyo kwa sababu baadaye kule Kalimoni kulisemwa kwamba sheikh alinisukuma. Hakunisukuma. Aliniuliza mara ya kwanza hapo, na akaniuliza tena baadaye, kama nitakavyoeleza.

Nilitoka kumtafuta mtu wa maziwa. Sikwenda mbali, yeye mwenyewe alikuwa ameshafika karibu na lango letu, maana nyumba yetu ilikuwa mteja wake. Alikuwa bado na mtungi mmoja mzima. Aliona viatu vingi vimepangwa mlangoni, akasimamisha baiskeli.

"Fundi," akasema, "kuna nini?"

Nilikuwa na karatasi mfukoni niliyoikata daftarini. Juu yake nilikuwa nimeandika: Mama, mtoto wako ametuacha leo alfajiri, mazishi ni adhuhuri. Niliisoma mara moja, nikaona siwezi. Niliona picha ya mama amesimama kwenye shamba la mahindi na mtu wa maziwa akimsomea maneno hayo, maneno ya mkwe wake, kavu namna hiyo. Kwao na kwetu mtu haambiwi kifo hivyo. Unamwambia mgonjwa amezidiwa, njoo. Anajua. Anakuja akijua, lakini njiani anapata nafasi ya kujifunga kitambaa na kushikwa mkono, na anapofika nyumbani ndipo anaambiwa na watu wazima wakiwa wamemzunguka. Nimeona ikifanywa hivyo maisha yangu yote. Hata mimi niliambiwa baba ni mgonjwa.

Nikachana karatasi. Nikaandika nyingine: Mama, hali ni mbaya. Mje leo.

"Umpe mkononi," nikamwambia. "Na useme na mdomo pia, waje haraka."

Aliisoma. Akatazama viatu mlangoni. Akanitazama.

"Niseme hivi tu?"

"Sema hivi tu."

"Fundi, lakini..."

"Sema vile nimeandika. Yeye ataelewa."

Akavua kofia, akanipa pole bila kutaja ni ya nini. Maziwa yaliyobaki akamwachia jirani ayauze, akapanda baiskeli na kuondoka. Hiyo ilikuwa kama saa moja na nusu, labda saa mbili. Sina hakika.

Ukiniuliza kwa nini sikwenda mwenyewe, jibu ninalo, ingawa silipendi. Ilibidi mume awepo. Kulikuwa na karatasi ya kuchukua ofisini ili turuhusiwe kuzika, na karani hakuwa mtu mbaya ila alifika kazini saa tatu kama kawaida yake, akatafuta muhuri, muhuri ukakosa wino. Kulikuwa na kaburi la kuonyesha. Na kulikuwa na sanda. Mwenye duka la vitambaa, Mhindi, alinipimia kitambaa cheupe mwenyewe na kukataa kusikia habari ya malipo. Nilikikata kwenye meza yangu ya kazi pale barazani, vipande vitano, na makasi ninayokatia sare za shule. Mzee wa saa alinishikia upande wa pili ili kitambaa kisiguse chini. Siku hiyo hakusoma gazeti. Alikuwa amelikalia.

"Wa Kalimoni wamejua?" akauliza.

"Nimetuma."

"Ulisema aje?"

Nikamwambia. Akanyoosha pindo.

"Ni vizuri," akasema. "Mama mzee hawezi kupigwa na neno hivyo." Kisha akasema, "Watakuwa hapa saa tano."

Simlaumu yeye pia. Alisema jambo ambalo mtu yeyote wa umri wake angelisema.

Saa tano hawakufika. Adhuhuri ikaadhiniwa, hawakufika. Sheikh akaja akaketi tena nami kwenye benchi lile lile, ambalo sasa lilikuwa limelowa, akauliza, "Tusogeze mpaka alasiri?" Nikasema ndiyo, akasema hakuna neno. Hata hakukunja uso, na wachimba kaburi walikuwa wamesimama makaburini tangu saa nne, matope mpaka magotini.

Kuna mfanyabiashara mmoja wa mtaa wetu aliyekuwa na pikapu. Alirudi kutoka Ruiru saa saba hivi, akasikia, akaja moja kwa moja na ufunguo mkononi.

"Fundi, niende niwalete? Ni dakika arobaini kwenda, arobaini kurudi."

Hapa ndipo nimerudi mara nyingi. Nilifikiri: wamejua tangu asubuhi kwamba ni kifo. Mtu akijua hivyo hakai. Wako njiani sasa hivi, labda wamefika Witeithie, labda wanashuka stendi. Gari likienda litapishana nao, na litakaa huko likiwatafuta wakati wao wako hapa. Nilimweleza hivyo. Akasema, "Ni kweli hiyo," akaweka ufunguo mfukoni. Akangoja pale uani muda mrefu, nadhani akitumaini nitabadilisha mawazo. Sikubadilisha. Nilikuwa na akili ya kuelewa jambo moja tu kwa wakati, na jambo hilo lilikuwa kwamba mama anajua.

Alasiri ikaja. Manyunyu yakageuka mvua. Watu wakaanza kujibanza chini ya mabati, na kila mmoja akinitazama kisha akitazama pengine. Mchimba kaburi mmoja akatumwa kuja kusema kwamba upande mmoja wa kaburi umeanza kubomoka kwa maji. Hakusema kwa ubaya. Alisema akiwa ameshika kofia.

Sheikh akanivuta kando.

"Ndugu yangu. Wewe ndiye mwenye mayiti. Ukisema tungoje, tutangoja. Ukisema kesho, tutazungumza kama wazee, kuna sababu. Unasemaje?"

Ningeweza kusema kesho. Natazama maneno hayo niliyoandika hapo juu na naona kabisa kwamba mlango ulikuwa wazi. Lakini niliwaona wale watu wote, waliofunga vibanda vyao tangu asubuhi kwa ajili yangu, wamelowa. Nikafikiri pia, na hili ni aibu kulisema, kwamba labda wa Kalimoni wamekataa kuja. Kwamba wamejua, na wakasema yeye ni wa Waislamu sasa, waache wamzike. Sikuwa na sababu hata moja ya kumfikiria mama hivyo. Nilimfikiria hivyo tu.

"Twendeni," nikasema.

Tukasali, tukambeba. Wanawake walibaki nyumbani kama kawaida. Kaburini maji yalikuwa yanafika kwenye kifundo cha mguu, wakayateka kwa kopo. Niliingia mwenyewe na shemeji wa jirani kumpokea. Sitaeleza zaidi, si kwa sababu nimesahau.

Tulirudi nyumbani kama saa kumi na moja kasorobo. Nilikuwa naosha miguu kwenye karai uani niliposikia wimbo.

Ulikuwa wimbo wa kanisa, kwa Kikuyu, wa sauti ya chini, ule wanaouimba wakienda kumwona mgonjwa ili asikie kutoka mbali kwamba watu wake wanakuja. Majirani zangu waliokuwa uani wakanyamaza mmoja baada ya mwingine. Nikabaki na mguu mmoja ndani ya karai.

Wakaingia wanane au tisa, na vitambaa vyao vyeupe vya kanisa kichwani, vimelowa. Mama alikuwa mbele na kikapu amekifunga mgongoni kwa kamba inayopita kwenye paji la uso. Nyuma kabisa alikuja mtu wa maziwa akisukuma baiskeli, na blanketi jipya limefungwa kwenye kiti cha nyuma mahali pa mitungi.

Mama alitazama watu wengi uani. Alikuwa amezoea kuona watu wengi kwetu. Akasalimia.

"Habari zenu? Tumechelewa. Barabara ni matope tupu." Kisha akageuka upande wangu bila kunitazama usoni. "Mgonjwa iko ndani ama mlimrudisha hospitali?"

Ilinibidi mimi nijibu. Ile desturi ya watu wazima kumzunguka, ile ambayo kwa ajili yake nilichana karatasi ya kwanza, haikuwepo. Alikuwa amesimama katikati ya uwanja na mzigo mgongoni, na mimi na mguu kwenye maji.

"Mama," nikasema. "Alituacha. Alfajiri."

Akasimama. Mmoja wa wanawake akapiga yowe, wengine wakaanza. Mama hakulia. Alikuwa anahesabu kitu, niliona midomo ikienda.

"Alfajiri ya leo?"

"Ndiyo, mama."

"Basi niingie nimuone."

Mzee wa saa, Mungu amlipe, akainuka kwenye benchi akasema yale ambayo nilipaswa kuyasema mimi.

"Mama, tumetoka kumpumzisha sasa hivi. Hata saa moja haijaisha. Tulingoja tangu asubuhi."

"Mlingoja nani?" mama akauliza.

"Wewe, mama."

"Mimi niliambiwa hali ni mbaya." Hakupaza sauti. "Hali ni mbaya nimeambiwa mwezi wa nne. Nimeambiwa mwezi wa tano. Nilikimbia, nikapata mtu anamenya viazi. Leo nikasema, hapana, leo sikimbii kama mwenda wazimu, leo naenda na chakula ya mgonjwa, naenda na watu wa kuomba. Nimeweka chungu kwa moto. Nimengoja mama wa kanisa watoke shamba." Akamgeukia mtu wa maziwa. "Wewe ulijua?"

Mtu wa maziwa alikuwa ameshika usukani wa baiskeli kwa mikono miwili.

"Cucu," akasema, akimwita bibi kwa lugha yao, "nilisema vile niliambiwa kusema. Hata neno moja sikuongeza."

"Sijakuuliza umesema nini. Nimeuliza ulijua?"

"Niliona viatu mlangoni," akasema.

"Ni mimi niliyemkataza," nikasema. Nilisema haraka, kwa sababu ilikuwa kweli, na kwa sababu watu wa kanisa walikuwa wameanza kumtazama vibaya. "Aliniuliza, nikamwambia aseme hivyo tu. Nilidhani utaelewa, mama."

"Ningeelewa aje?"

Hata leo nikijaribu kutengeneza jibu la swali hilo halitengenezeki. Mara mbili nilikuwa nimemtumia maneno hayo hayo mpaka yakaisha nguvu, na siku nilipoyahitaji kweli nikayatuma tena, nikimtegemea yeye ajue kwamba safari hii yana kifo ndani.

Wakamshusha kikapu. Binti yangu akaja akamkumbatia kiunoni, na hapo ndipo mama alipokaa, chini kwenye jamvi pamoja na akina mama wa Kiislamu, waliosogea kumpa nafasi. Wale wa kanisa wakakaa nao. Ilikuwa vitambaa vyeupe na mashungi, bega kwa bega, wengine wakiomba hivi na wengine vile.

Baada ya muda akaniita. Nilichuchumaa mbali kidogo, kwa heshima.

"Mlimvalisha nini?" akauliza. "Ile nguo ya kijani?"

Ile nguo ya kijani niliishona mimi, mwaka mtoto wa pili alipozaliwa. Ilikuwa na kola nyeupe.

"Hapana, mama. Ni sanda. Kitambaa cheupe."

"Ni wewe ulishona?"

"Sanda haishonwi, mama. Hukatwa tu."

Akatikisa kichwa polepole. "Wewe kazi yako ni kushona," akasema, "na mtoto wangu ameenda bila hata uzi mmoja."

Hakulisema kama tusi. Alilisema kama mtu anayeona kitu kigeni na kukieleza. Jirani yetu aliyeongoza kuosha, mama mmoja mtu mzima sana, akamshika mkono na kumwambia kwamba alivalishwa vizuri, kwamba maji yalikuwa ya uvuguvugu, kwamba walimtia manukato na kumchana nywele na kuzisuka mafungu matatu.

"Na uso?" mama akauliza. "Wewe uliona uso. Niambie uso ulikuwa aje."

Yule mama akaanza kumweleza. Nilisikia akisema paji la uso lilikuwa limelegea, halina ule mkunjo wa kukohoa, halafu akapunguza sauti, nami nikainuka. Hayo yalikuwa maneno ya wanawake. Walikaa hivyo muda mrefu, mmoja akieleza na mwingine akiuliza, mdomo ulikuwa umefungwa ama wazi kidogo, jicho lile la kushoto lilifunga vizuri, na mama akiinamisha kichwa kwa kila jibu.

Sheikh alirudi baada ya magharibi. Nilimweleza. Akavua kofia yake, akaenda mwenyewe mpaka mlangoni na kumwambia mama kwamba asubuhi atampeleka kaburini, yeye mwenyewe, na kwamba kama kuna mtu atakayeuliza kuhusu mwanamke kwenda makaburini, amwulize yeye. Mama akasema asante. Akasema pia, "Kesho nitaona mchanga." Sheikh akaaga.

Mtu wa maziwa hakuondoka. Alikaa nje karibu na baiskeli yake mpaka nikamfuata.

"Fundi, ningeongeza neno," akasema. "Njia yote nilikuwa nikijiambia nikifika nitamwambia. Nikafika tu Kalimoni nikajiambia, lakini si yangu kusema."

"Haikuwa yako," nikamwambia.

"Ningeongeza tu."

Tulibaki tumesimama. Mvua ilikuwa imekatika na maji yanadondoka kutoka kwenye mabati. Kwa haki yote, alifanya nilichomwagiza, na angelikataa ningemkasirikia. Sikujua namna ya kumwambia hivyo ikamtosha. Nikamwambia aingie ale.

Desturi yetu ni kwamba nyumba ya msiba haiwashi moto siku tatu; majirani huleta chakula. Wali uliletwa, na maharagwe, sinia mbili. Lakini mama alifungua kikapu chake, akatoa chungu kilichofungwa kwa majani ya mgomba na sweta kuukuu ili kisipoe, akasema watoto wale hicho kwanza. Hakuna aliyembishia. Akawapakulia wajukuu, akampakulia yule mama aliyeosha, akampa binti yangu sahani aniletee mimi na mtu wa maziwa huko nje. Tulikula njahi, yale maharagwe meusi ya kwao, zilizopondwa na ndizi mbivu, bado zina joto kidogo katikati. Chumvi haikuwepo hata kidogo, kwa sababu daktari alikuwa amemkataza mke wangu.